Mali bila daftari: nani anaandika habari za wanamichezo wetu wa shule?



Wiki hii tunaomba mtuvumilie tuzungumzie michezo. Tunajua wapo watakaosema kwamba paroko ameiacha kazi yake na kuingilia ya watangazaji wa redio. Hata hivyo, jambo lililotusukuma kuandika limetukia mlangoni petu, nalo limetuachia deni ambalo hatutaweza kulilipa lote.

Yapata miezi miwili iliyopita alitujia ofisini kijana mmoja wa parokia yetu aliyekuwa likizoni kutoka chuoni. Alikuwa amepewa kazi ya utafiti: achague mchezo mmoja, aeleze jinsi vyuo vilivyoulea, na jinsi wachezaji walivyotoka humo wakaenda kucheza kwa kulipwa. Kwa kuwa katika intaneti habari za Marekani ndizo zilizo tele, alichagua besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne, ambao wengi wetu hapa Tunduma hatujauona ila kwenye televisheni. Akatuambia kwa mshangao kwamba kile alichotarajia kukitafuta kwa wiki tatu alikipata kwa jioni mbili. Mwalimu wake alipoisoma kazi ile alimwambia: vema, sasa fanya hivyo hivyo kwa mkoa wako, kwa mchezo wowote unaoupenda. Hapo ndipo kijana alipokwama, na ndiyo sababu alikuja kutuuliza amwendee nani.

Sisi tulimjua mtu wa kumwendea. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumekwisha kumzika.

Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Mbozi, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa ndiye mwalimu wa michezo. Alikuwa na desturi ambayo wenzake waliicheka: kila mechi, kila mbio, kila mashindano ya kata na tarafa aliyaandika katika madaftari makubwa yale ya kaunta. Tarehe, uwanja, matokeo, majina ya watoto na vijiji vyao. Siku ya mazishi yake mmoja wa wasemaji aliyataja madaftari hayo, watu wakacheka kwa upendo, nasi tukatikisa kichwa, tukisema moyoni kwamba iko siku tutapita kuyaona. Hatukupita. Tulipofika na kijana yule nyumbani kwa mjane, alitukaribisha kwa heshima, akatuandalia chai, akasikiliza shida yetu hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Baba, yale makaratasi yaliisha. Tulifungia karanga. Mbona hamkusema mapema?"

Mama yule hakuwa na kosa. Alikuwa na watoto wa kulisha, anauza karanga stendi, na hakuna hata mmoja kati yetu sisi tuliosoma aliyemwambia kwamba madaftari yale yalikuwa na thamani. Kosa ni letu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na mali, tukawa na daftari pia, tukavipoteza vyote viwili.

Sasa turudi kwa yale aliyoyapata kijana kuhusu besiboli, maana yana funzo kwetu. Mechi ya kwanza kati ya vyuo viwili vya Marekani ilichezwa tarehe 1 Julai 1859 katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts. Chuo cha Amherst kilikishinda chuo cha Williams kwa 73 dhidi ya 32. Fikirini: wakati huo hapa kwetu misafara ya pembe ilikuwa bado ikitembea kwa miguu, na hata Marekani kwenyewe utumwa ulikuwa haujakomeshwa. Lakini matokeo ya vijana wale yaliandikwa, na mtu aliyekaa Tunduma leo anaweza kuyasoma kwenye simu yake.

Tena kumbukumbu zile hazikuandikwa kwa ajili ya kusifu tu. Jackie Robinson ndiye aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli, alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kabla ya hapo alisoma katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, akacheza huko michezo minne. Kumbukumbu za mwaka 1940 zinaonyesha kwamba besiboli ndiyo iliyomshinda zaidi: katika kila mara 100 za kupiga, wastani wake haukufikia mapigo 10 yaliyofanikiwa. Hakuna aliyeifuta aibu hiyo baada ya Robinson kuwa shujaa. Imeachwa pale pale, na kwa hakika inamfaa mtoto anayeshindwa leo kuliko sifa 100. Anasoma, anaona kwamba mtu mkubwa naye aliwahi kuwa wa mwisho.

Lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kabla ya Robinson, wachezaji weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, kwa sababu walifungiwa mlango wa ligi kuu. Takwimu zao hazikuhesabiwa. Kwa miaka mingi watafiti wa kujitolea walipekua magazeti ya zamani, hasa yale yaliyomilikiwa na watu weusi, wakikusanya matokeo ya mechi moja moja. Chama cha watafiti wa historia ya besiboli kilianzishwa mwaka 1971 mjini Cooperstown na watu 16 tu. Mwaka 2020 ligi kuu ilikiri kwamba ligi za weusi za miaka ya 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na mwezi Mei 2024 takwimu zake ziliingizwa katika kitabu kimoja na za wengine. Siku hiyo jina la Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, bila kupewa nafasi ya kucheza ligi kuu hata siku moja, likapanda juu ya majina yote kwa wastani wa upigaji. Haki ilimfikia miaka 77 baada ya kifo chake. Ilimfikia kwa sababu siku ile alipocheza, mwandishi mmoja maskini wa gazeti alikaa pembeni ya uwanja na penseli.

Hapa ndipo tulipojiuliza: na sisi je? Je, ni kweli kwamba hatukuwa na wanamichezo waliopitia shule na vyuo wakaufikia ulimwengu? Walikuwapo, na wakubwa. Tangu Tanzania ianze kushiriki Michezo ya Olimpiki imepata medali mbili tu, zote za fedha, na zote katika mashindano yale yale ya Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Filbert Bayi katika mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji. Ya pili ni ya Suleiman Nyambui katika mita 5000. Wengi wetu tunalijua hilo. Wachache wanajua kwamba wakati huo Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na kwamba katika mashindano ya vyuo vya Marekani alitwaa ubingwa wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Marekani yenyewe ilisusia michezo ya Moscow, lakini mwanafunzi wa chuo chake akarudi na medali, na medali hiyo ni yetu. Baadaye akashinda mbio ndefu za Berlin mara mbili, mwaka 1987 na 1988. Katika chuo hicho hicho alikuwapo pia Gidamis Shahanga, bingwa wa Jumuiya ya Madola katika marathoni mwaka 1978 na katika mita 10,000 mwaka 1982.

Miaka mingi baadaye akaja Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyecheza mpira wa kikapu miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa kuingia NBA mwaka huo, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Ukitaka kujua alizuia mipira mingapi katika mechi fulani ya chuo, jibu utalipata kwa dakika moja.

Kijana wetu aliyapata hayo yote, kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukuwa tumelitafakari: alisoma habari za wana wetu katika vitabu vya wenyeji wao. Kurasa za El Paso na Connecticut zimejaa. Kurasa za shule walikoanzia hakuziona. Ni kana kwamba walizaliwa siku walipoteremka kwenye ndege.

Nasi tusidhani hili ni la watu wakubwa tu. Tulipokuwa seminari ndogo, miaka ya 1990, timu yetu iliifunga shule moja ya sekondari iliyotushinda kila mwaka. Ilikuwa sherehe kubwa. Hata baba gombera aliruhusu nyama siku ya katikati ya wiki. Leo tunapokutana mapadre watatu tuliocheza siku ile, mmoja anasema tulishinda matatu kwa mawili, mwingine mawili kwa moja, na sisi tunaapa kwamba lilikuwa bao moja tu tena la penalti. Tunacheka, lakini ni kicheko cha watu walioibiwa.

Kwa mkoa wetu hali ni ngumu zaidi. Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kutoka ubavuni mwa Mbeya. Kabla ya hapo mtoto wa Mbozi, Ileje au Momba aliyechaguliwa kwenda UMITASHUMTA au UMISSETA alivaa jezi ya Mbeya na kuandikwa, kama aliandikwa, kwa jina la Mbeya. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo ya shule yalisimamishwa kwa kipindi, kisha yakarudishwa. Watoto waliokuwa na vipaji katika kipindi hicho cha ukimya hawana hata mahali pa kuanzia kutafutwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Tunayasikia maswali yenu. Wengine mtasema: Baba, shule zetu hazina madawati, na wewe unataka madaftari ya mabao? Swali ni la haki, nasi tutalijibu kwa mfano wa jirani zetu wa Uganda, tena katika mchezo huo huo wa besiboli. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Williamsport, jimbo la Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za ligi ya watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kufuzu. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu nyaraka za umri na kuzaliwa kwao zilikuwa na dosari. Walikuwa wameshinda kiwanjani, wakashindwa kwenye makaratasi. Mwaka uliofuata timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ikiwa na nyaraka zinazokubalika, ilifika Williamsport, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na ikashinda mechi moja dhidi ya watoto wa Oregon kwa 3 dhidi ya 2. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda. Kipaji kilikuwapo mwaka 2011 kama kilivyokuwapo mwaka 2012. Kilichopungua ni maandishi. Kwa hiyo daftari si anasa inayongoja madawati yatoshe. Ni nauli ya mtoto maskini.

Katika hili sisi wa parokia tunajua tunachokisema. Mara ngapi mzazi ametujia mbio kutafuta cheti cha ubatizo cha mwanawe kwa sababu mahali fulani tarehe ya kuzaliwa imeandikwa vingine? Tunafungua kitabu cha ubatizo, tunashuka na kidole, na jina lile lipo, kwa mwandiko wa padre aliyekwisha kufariki. Wamisionari wa Afrika walioinjilisha nyanda hizi walitakiwa kuandika shajara ya misheni siku kwa siku: mvua, wageni, magonjwa, ugomvi, mavuno. Nao walikuwa na shida kuliko sisi.

Wapo pia watakaotuonya kwamba Wamarekani wanaandika kwa sababu ya fedha. Hilo nalo tunalikubali. Nambari za mchezaji wa chuo ni bei yake sokoni, na kwa miongo mingi vyuo viliingiza fedha nyingi kwa jasho la vijana ambao hawakuruhusiwa kupata hata senti kwa majina yao. Ruhusa hiyo ilipatikana mwezi Julai 2021 tu. Daftari la mnunuzi huandika uzito na kasi, basi. Lakini hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutaka mzazi na mwalimu nao wawe na daftari lao. Tunaoishi Tunduma tunaona malori yakijipanga kuelekea Nakonde, na tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kinafanya kazi pande zote mbili. Kila lori linapimwa, kila gunia lina karatasi yake, inajulikana limetoka wapi na linakwenda kwa nani. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayevusha mahindi bila hati. Lakini kijana mwenye kipaji huondoka mkononi mwetu na mtu anayejiita wakala, bila mstari mmoja ulioandikwa unaosema huyu ni mtoto wa nani, alizaliwa lini, alifundishwa na nani. Akipotea, tutaanzia wapi kumtafuta? Akifanikiwa, tutathibitishaje kwamba ni wetu?

Basi, tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili.

Kila shule inunue daftari moja la kaunta lenye jalada gumu, liitwe Daftari la Michezo, na likae ofisini pamoja na daftari la mahudhurio. Mwalimu anaweza kuhama, daftari lisihame. Katika kila mechi iandikwe tarehe, uwanja, timu, matokeo na majina matatu kamili ya waliocheza, pamoja na kijiji. Umri uandikwe kama ulivyo kwenye cheti, maana uongo wa umri ndio uliowafungia wengine mlango. Walimu wa pande zote mbili watie sahihi, ili mtu asijiongezee mabao nyumbani. Netiboli na mbio za wasichana ziandikwe kwa uzito ule ule wa mpira wa miguu. Timu iliyofungwa nayo iandikwe. Mwisho wa mwaka nakala moja ipelekwe ofisi ya kata. Atakayependa kutuletea nyingine, tutaihifadhi katika kabati la kumbukumbu la parokia, awe Mkatoliki, Mmoraviani au Mwislamu. Kabati letu halitauliza dini ya mfungaji.

Kwa yale yaliyokwisha kupita, vijana wenye simu waende kwa wazee. Waulize, warekodi, waandike. Wazee wawili wakipingana, ziandikwe kauli zote mbili pamoja na jina la msemaji. Mtafiti wa kesho ataamua. Na mtu akifariki, kabla nyumba haijafagiliwa, mmoja wetu aulize kwa adabu kama marehemu aliacha maandishi. Agizo hili la mwisho tunajipa sisi wenyewe kwanza.

Kijana wetu hakukata tamaa. Amekwisha kuzunguka Mlowo, Vwawa na Itumba, na katika daftari lake ana majina 14 ya watu waliowahi kuiwakilisha mikoa yetu katika michezo ya shule. Jina la kwanza ni la mjane yule wa mwalimu. Siku ile, tulipokuwa tunaaga kwa huzuni, ndipo alipotuambia kwamba naye alikuwa mchezaji wa netiboli, na kwamba alikutana na marehemu mumewe kwenye mashindano, yeye akicheza na mwalimu kijana akiandika. Jina lake la usichana lilikuwamo katika yale madaftari. Kijana akatoa kalamu, akaketi tena, na mama akaanza kutaja wenzake sita aliocheza nao, mmoja mmoja, na nafasi zao.